Nani Aliyefyeka Njia? Kauli za Kitenzi na Wajenzi wa Njia za Kupandia Mlima Kilimanjaro

Utangulizi

Mtu anayepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanzia safari yake langoni, kwenye kimo cha mita 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari. Hulala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, na usiku wa mwisho huukwea ukingo wa kasoko hadi mahali paitwapo Gillman, kabla hajaufikia Uhuru, kilele chenye mita 5,895. Majina hayo yote yana historia, na historia hiyo imeandikwa. Clement Gillman alikuwa mhandisi wa reli aliyefika ukingoni mwaka 1921. Stella, ambaye jina lake limewekwa mbele kidogo, alipanda mwaka 1925 pamoja na mumewe, Kingsley Latham. Mchungaji Richard Reusch, aliyemwona chui aliyeganda kwenye barafu mwaka 1926, kasoko ya ndani inaitwa kwa jina lake. Kila aliyekanyaga pale na akajua kuandika amepata mwamba, bonde au ukingo wa kukumbukwa kwao.

Kisichokuwa na jina la mtu ni njia yenyewe, yaani ule ukanda mwembamba wa udongo, mawe na magogo unaopita msituni, ukatoka kwenye majani ya nyika, ukaingia katika jangwa la mawe. Nani aliyeufyeka? Nani aliyepanga yale magogo ya kukanyagia, akachimba vifereji vya kuyatoa maji njiani?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha na fasihi. Huenda msomaji akashangaa njia ya mlimani imefuata nini katika jarida la Kiswahili. Jibu letu ni kwamba wajenzi wa njia hizi hawakusahauliwa kwa bahati mbaya tu. Walifichwa, na mahali walipofichwa ni ndani ya sentensi. Iwapo ni hivyo, basi kazi ya kuwatafuta ni yetu sisi kabla ya kuwa ya mwanajiografia.

Njia katika msamiati wa Kiswahili

Kiswahili si maskini wa maneno ya njia. Tunayo njia, kijia, ujia, mapito, kichochoro, barabara na njia panda, na kila moja lina upana wake na heshima yake. Neno barabara lina bahati ya pekee, kwani laweza pia kuwa kielezi chenye maana ya sawasawa au kikamilifu, kana kwamba lugha imeamua kuwa jambo lililofanywa vyema hufanana na njia pana iliyonyooka.

Vitenzi vya kutengeneza njia vina tabia ya kuvutia zaidi. Twasema kufyeka njia, kupasua njia, kulima barabara, kukwatua na kupalilia. Karibu vyote vimetoka shambani. Kwa mujibu wa msamiati huu, njia ni aina ya shamba. Huhitaji panga na jembe, na lisipopaliliwa hurudi kuwa pori. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa katika misitu ya mvua nyingi. Njia isiyoshughulikiwa kwa misimu michache hufunikwa na magugu, au maji huigeuza kuwa korongo.

Lakini tazama methali. Mwenda pole hajikwai. Kawia ufike. Njia ya mwongo fupi. Methali hizi tulizozizoea zinamsifu, zinamwonya au kumcheka mwenye kwenda. Aliyeing'oa mizizi ambayo mwenda pole angejikwaa nayo hatajwi. Sisemi kuwa hakuna methali yoyote inayomtaja, ila katika zile zinazotujia mdomoni upesi, njia huwa tayari ipo.

Maneno mawili zaidi yanahitaji kuangaliwa, kwa kuwa tutakutana nayo mbele. La kwanza ni mpagazi. Limetokana na kupagaa, yaani kubeba begani. Kitenzi hicho ndicho kilichotupa kupagawa, hali ya mtu aliyepandwa na pepo. Mpagazi na aliyepagawa ni ndugu wa kisarufi: mmoja amebeba mzigo wa mtu, mwingine amekuwa mzigo wa pepo. La pili ni kirangozi, ambalo siku hizi tunalijua kwa umbo la kiongozi na tunalisikia zaidi katika mikutano ya hadhara. Kirangozi wa misafara ya karne ya 19 alitangulia mbele ya wapagazi akiwa na bendera na vazi lililomtofautisha, na mara nyingi alichaguliwa na wapagazi wenyewe. Aghalabu naye alibeba mzigo wake. Maana hiyo ya pili ya uongozi imepotea njiani.

Msafara kabla ya mlima

Ni kosa kudhani kuwa njia za kupandia milima zilianza na wapanda milima. Watu hao walipofika Afrika Mashariki walikuta mtandao wa njia uliokwisha kukanyagwa. Msomaji wa nathari yetu ya awali anaijua hali hiyo kutokana na mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901, na Desturi za Wasuaheli, kazi iliyomtegemea sana Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyotoka mwaka 1903. Humo safari si mandhari ya kupendeza. Ni mizigo, posho, hongo, maji, magonjwa na watu.

Njia za misafara zilikuwa nyembamba, za kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine. Mti ukianguka njiani, msafara haukusimama kuukata, uliuzunguka. Waliofuata nao waliuzunguka, hata mti ukaoza ukawa udongo, na njia ikabaki na kile kipindo chake bila yeyote kukumbuka sababu. Kwenye njia panda, kirangozi aliiziba njia isiyofaa kwa matawi, au alipiga mstari mchangani kwa mguu, ili wa nyuma wasipotee. Hiyo ilikuwa alama ya njia kama zilivyo alama za rangi zinazopakwa kwenye miamba leo. Tofauti ni kwamba mstari wa mchangani haukudumu baada ya msafara kupita, na kwa hiyo haukuingia katika historia ya alama za njia.

Johannes Rebmann alipouona mlima wenye theluji tarehe 11 Mei 1848, alikuwa ametoka Rabai na wapagazi wachache, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezoea kuongoza misafara. Ulaya walibishana kwa miaka mingi iwapo theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Ila hakuna aliyeuliza ni vipi mgeni yule aliweza kuvuka nyika ile na kufika Uchagani. Alifika kwa sababu njia ilikuwapo, na aliyeijua alikuwa mbele yake.

Mwini Amani na kambi ya juu

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa ameshindwa hapo awali, na alijifunza kutokana na kushindwa kwake: huko juu hakuna chakula, na aliyelazimika kushuka kutafuta chakula hupoteza siku na nguvu alizotumia kupanda. Dawa yake ilikuwa kuweka kambi kwa ngazi, kutoka Marangu kwenda juu, na kuwatumia wapagazi kupandisha vyakula na kuni kila baada ya siku chache. Kambi ya juu ilikuwa kwenye kimo kinachozidi mita 4,000. Humo alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akilinda hema na kupika wakati wazungu wawili wakishughulika na barafu.

Mtu wa Pangani ni mtu wa pwani. Alizaliwa na kukulia penye joto la minazi, naye akakaa kwenye baridi ile siku baada ya siku, mara nyingi peke yake, bila sababu yoyote ya kifahari ya kuwa pale. Meyer mwenyewe amemtaja, na twapaswa kumshukuru kwa hilo. La sivyo tusingalimjua kamwe. Hata hivyo, hebu tuitazame kazi yenyewe ya wale wapagazi waliopanda na kushuka kati ya kambi. Njia ya mlimani huzaliwa hivyo hasa. Nyayo za watu wenye mizigo, zikipita pale pale mara nyingi kwa majuma kadhaa, huikata nyasi, huufunua udongo, hulihamisha jiwe linaloumiza mguu. Meyer alipanda mara moja mwaka huo hadi kilele. Wapagazi wake walipanda na kushuka mara nyingi hadi kambi. Tukipima njia kwa nyayo, basi mshindi wa 1889 anajulikana, ingawa hakufika juu.

Aliyeikimbia kazi ya barabara

Masimulizi ya Uchagani yanatupa mtu mwingine, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki mwaka 1996. Sifa zake zilienea sana mwaka 1989, yalipofanyika maadhimisho ya miaka 100 ya safari ya Meyer. Kwa mujibu wa masimulizi yake, wakati huo akiwa kijana wa miaka 18 hivi, alijaribu kuikwepa kazi ya kujenga barabara ambayo vijana walilazimishwa kuifanya. Akaitwa mbele ya Mangi Marealle kujibu kosa lake. Meyer alikuwa amefika papo hapo kutafuta viongozi wa njia na wapagazi. Washauri wa Mangi, waitwao wachili, walijua kuwa ukoo wa Lauwo ni watu waliouzoea msitu. Wakamteua yeye aongoze. Adhabu ikageuka kuwa kazi, na kazi hiyo ikawa riziki ya maisha yake.

Wanahistoria wana mashaka nayo. Jina la Lauwo halijitokezi katika masimulizi ya Meyer, na kwa Meyer waliofika kileleni ni wawili tu. Tena ikiwa alikuwa na miaka 18 mwaka 1889, basi alifariki akiwa na miaka 125 hivi, hesabu ambayo ni rahisi kuitilia shaka. Mjadala umekuwa ni huo huo kila mara: je, alifika juu au hakufika?

Kwa maoni yangu, swali hilo si baya, lakini limetupotezea jambo lililo bora zaidi. Limelichukua simulizi la Mmarangu na kulilazimisha lijibu hoja ya klabu za wapanda milima, ambao kwao mlima ni kilele tu. Simulizi lenyewe halianzii kileleni. Linaanzia barabarani, katika kazi ya lazima, na kwa kijana aliyeitoroka. Hata kama msikilizaji ataamua kuwa mengine yametiwa chumvi, kama ilivyo desturi ya masimulizi ya mashujaa, kipande hiki cha mwanzo kina uzito wa pekee. Msimulizi anayetaka kujikweza hana haja ya kusema kuwa alikuwa mkosaji aliyeletwa kuhukumiwa. Katika fasihi simulizi tumefundishwa kuyatazama kwa makini maelezo ambayo hayamletei msimulizi faida. Hapa tunaambiwa, karibu kwa kupitia tu, kwamba barabara za Marangu zilijengwa na vijana wasiotaka kuzijenga, kwa amri ya Mangi, hata kabla utawala wa Wajerumani haujakita mizizi mlimani. Sijui kitabu cha msafiri ambacho kingeweza kutuambia hilo kutoka upande wa mwenye jembe.

Kauli tatu za kitenzi

Sasa tuje kwenye sentensi. Maelezo ya historia ya Kilimanjaro husema kuwa mwaka 1912, katika siku za klabu ya Wajerumani ya kupanda mlima, njia ya Marangu ilitengenezwa na vibanda viwili vikajengwa: cha chini kikaitwa Bismarck na cha juu kikaitwa Peters. Kibanda cha Kibo kilifuata mwaka 1932. Angalia vitenzi: ilitengenezwa, vikajengwa. Kauli ya kutendwa ina ruhusa ya kisarufi ya kumwacha mtenda. Tukisema "njia ilitengenezwa", sentensi imekamilika, na msomaji haoni pengo lolote. Mlimu wa sarufi hana la kusahihisha. Ndiyo maana kauli hii inafaa sana kwa kuficha watu.

Njia ya pili ni kauli ya kutenda iliyopewa kiima kisicho sahihi. Tuvuke mpaka tuje Mlima Kenya kwa mfano. Husemwa kwamba katika miaka ya 1920 Ernest Carr alijenga barabara iliyopanda mlima kutokea upande wa Chogoria, pamoja na vibanda. Carr alijenga. Mtu mmoja, kitenzi kimoja, na kilomita nyingi za msitu wa mianzi! Hapa mtenda hakuachwa, amebadilishwa. Aliyelipa na kuamuru amekaa katika kiti cha aliyefyeka, na waliofyeka hawana hata pengo linaloonyesha kuwa wanakosekana. Kwa jinsi hii kauli ya kutenda yaweza kuwa na udanganyifu kushinda ile ya kutendwa.

Lakini Kiswahili kina mlango wa tatu, na hapa ndipo palipotufanya tuandike. Tunayo kauli ya kutendesha. Carr alijengesha barabara. Mkuu wa klabu alifyekesha njia. Mangi aliwalimisha vijana. Msafiri aliwabebesha watu mizigo. Mnyambuliko huu mdogo, -sh- au -z- katikati ya kitenzi, unawarudisha watu wawili katika sentensi: aliyeamuru na aliyefanya. Isitoshe, unabeba uhusiano wa nguvu baina yao. Tukisema "aliwalimisha", kiambishi -wa- kinadai kujulikana: ni kina nani hao? Lugha nyingine huhitaji kirai kizima kusema jambo hili, na kwa sababu ya urefu huo mwandishi hushawishika kuliacha. Mswahili hana udhuru huo. Kifaa kiko ndani ya kitenzi.

Mwanafunzi mwenzangu atauliza mbona basi vitabu vyetu vya Kiswahili vya jiografia na historia navyo vimejaa "ilijengwa" na "ilifunguliwa". Sababu iko wazi. Vingi vilitafsiriwa, au viliandikwa na watu waliofikiri kwa Kiingereza, na tafsiri ikaichukua kauli pamoja na habari. Tumeirithi njia na kipindo chake, ingawa mti uliokwisha kuoza haukuwa wetu.

Majina yaliyobadilishwa

Haki imetendeka kwa kiasi fulani upande wa majina. Carl Peters alikuwa kamishna wa dola ya Ujerumani katika sehemu za Kilimanjaro mwaka 1891, na alifukuzwa kazini mwaka 1897 kwa sababu ya kuwanyongesha Waafrika wawili, mwanamume na mwanamke, kituoni pake. Kwamba wapagazi waliwahi kupumzika usiku katika kibanda chenye jina la mtu huyo, kwenye mlima huo huo, ni jambo linalotia uchungu. Leo mahali hapo panaitwa Horombo, jina la mtawala wa Keni huko Rombo aliyesifika mapema katika karne ya 19. Bismarck pamekuwa Mandara, jina lingine la Mangi Rindi wa Moshi. Kilele ambacho Meyer alikipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, kikawa Uhuru. Huko ndiko Luteni Alexander Nyirenda alikosimika bendera na mwenge Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961. Kwetu, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya Lenana mwaka 1963.

Hata hivyo, tazama waliochukua nafasi. Watawala waliondolewa, wakaingia watawala. Halford Mackinder alipotoa majina ya Batian, Nelion na Lenana katika Mlima Kenya mwaka 1899, naye aliwachagua wakuu wa Wamaasai. Wapagazi hawakufikiriwa na upande wowote.

Wakati huo huo, kazi yao haijakoma. Kilimanjaro ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na tangu hapo njia zimeongezeka na wageni wamekuwa wengi. Mzigo wa mgeni ambao mpagazi anatakiwa kubeba umewekewa kikomo cha kilo 20, na tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwatetea wapagazi wa mlima huo kuhusu mishahara, mavazi na mizigo. Kuwekwa kwa mradi wa namna hiyo zaidi ya miaka 110 baada ya Mwini Amani ni ushahidi wa kutosha kuhusu hali iliyokuwapo. Njia nazo hutengenezwa upya baada ya kila masika, kwa sababu maji hayaheshimu kazi ya mwaka jana. Magogo huoza, ngazi huporomoka, watu hupinda pembeni kuepa matope na njia moja huwa tatu. Fundi huja na jembe, akaziba mbili.

Swali la kuulizia

Kazi inayotungoja ni ya kukusanya. Wazee waliofanya kazi za lazima katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa upande wa Marangu na Rombo na hata huku kwetu Chogoria na Naro Moru, wanazidi kupungua. Watoto wao wamesikia habari zao. Wapagazi wa sasa wana masimulizi ya makorongo, ya dhoruba na ya waliofia njiani ambayo hayajapata mtu wa kuyaandika kwa Kiswahili.

Kwa anayetaka kwenda, nina ushauri mmoja wa kisarufi. Asimwulize mzee, "Njia hii ilijengwa na nani?" Swali hilo lina jibu lililokwisha kuandikwa, nalo ni jina la mzungu au la serikali. Mzee mwenye adabu atampa jina hilo, kwa kuwa ndilo aliloombwa. Auambe mnyambuliko wake kwa namna nyingine: "Mzee, njia hii mlilimishwa na nani, na nyinyi mliolima mlikuwa kina nani?" Kisha anyamaze, afungue daftari.